Mshipa wa Fahamu na Kalenda ya Korti

Ndara ya kushoto ilimtoka mara mbili kabla hajaifikia meza yangu. Mara ya kwanza aliirudia akaivaa. Ya pili akaiacha palepale sakafuni, akaja na mguu mtupu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa Januari 2017. Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, mwaka wangu wa 19, na macho yalishazoea watu wanaoingia na magongo, na bandeji, na wanaoingia wameshikwa mkono. Lakini huyu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, dereva wa trela la Mombasa na Malaba, na sikuwa na habari kwamba miezi kumi nzima mguu wake haumtii.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utapona, kaka. Waliniambia utapona."

Sasa nimestaafu. Mtaani bado wananiita Karani, na wakati wa alasiri bado wananijia barazani na bahasha zao za hospitali, zile kubwa za kaki zenye eksirei ndani. Swali lao ni moja: "Hapa nitalipwa?" Nami huwa sijibu kabla sijauliza langu: ilikuwa tarehe ngapi? Wengine huona namdharau mgonjwa kwa kuuliza kalenda kabla ya kidonda. Acha wanione hivyo.

Tarehe 9 Machi 2016 mdogo wangu alirudi safari na maumivu ya mgongo, ugonjwa wa madereva wote. Akaenda hospitali moja ya umma huku Pwani, akaandikiwa sindano ya maumivu. Hakulazwa kitandani. Aliambiwa ashushe suruali kidogo, ashike ukingo wa meza. Sindano ikaingia kalio la kushoto, na anasema ilikuwa kama kushika waya wa stima: moto uliingia hapo juu ukatokea kwenye kidole gumba cha mguu. Alipiga ukelele. Akaambiwa avumilie, dawa hii ni kali, na bomba likasukumwa hadi mwisho. Asubuhi yake wayo ulikuwa unaning'inia. Goti linakunjika vizuri, paja lina nguvu, ila wayo hauinuki. Akitembea vidole vinakwaruza ardhi. Ndara haishikiki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona jambo hili: ndani ya kalio hupita mshipa mkubwa wa fahamu, mnene kuliko yote mwilini, unene wake karibu na kidole kidogo cha mkono. Unashuka nyuma ya paja hadi mguuni. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuligawa kalio sehemu nne kwa macho na kudunga ile ya juu upande wa nje, na siku hizi wengi hufundishwa kuliacha kalio kabisa, wadunge ubavuni mwa nyonga au pajani. Na mgonjwa akipiga ukelele kwamba moto umeshuka mguuni, sindano hutolewa, haimaliziwi. Mimi si daktari. Haya niliyasoma usiku baada ya usiku mwaka ule, kisha nikayasikia kwa wataalamu waliokuja kutoa ushahidi katika kesi za watu wengine.

Mtu akiumia hospitalini, neno la kwanza linalotoka nyumbani ni "wamemuua" au "wamemharibu". Sheria haianzii hapo. Mdogo wangu nilimweleza kwa lugha ya barabarani, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yake. Dereva hahukumiwi kwa kuwa gari limepinduka. Huulizwa alikuwa akiendeshaje. Tairi likipasuka na alikuwa amelikagua, kasi ni ya halali, akakamata usukani kama anavyotakiwa, hiyo ni ajali. Alikuwa amelewa? Huo ni uzembe. Daktari naye hivyo hivyo. Mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa daktari aliyefanya kila kitu sawasawa, na familia isipate hata senti. Na mgonjwa anaweza kuumia kidogo tu, kwa jambo ambalo hakuna muuguzi makini angelifanya, akalipwa.

Kipimo hiki tumekirithi kutoka Uingereza, pamoja na mengi mengine. Kule London mgonjwa mmoja aliyetibiwa kwa mshtuko wa umeme katika hospitali ya Friern, bila kupewa dawa ya kulegeza misuli, alivunjika nyonga. Akashtaki, akashindwa. Mwaka 1957 Jaji McNair aliwaambia wazee wa baraza kwamba daktari hana hatia ya uzembe akiwa amefuata njia inayokubaliwa na kundi la wenzake wanaostahili kuaminiwa, hata kama lipo kundi jingine linalofanya tofauti. Kesi hiyo ni ya Bolam, na hadi leo mawakili wa hospitali huitaja katika korti za Kenya kama mtu anavyotaja jina la babu yake. Nimeipiga taipu mara nyingi mpaka vidole vinaijua.

Kwa hiyo mgonjwa anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwake, hilo ni jepesi, kwamba wajibu huo ulivunjwa, kwamba ameumia, na kwamba kuumia huko kumetokana na kuvunjwa huko, si na ugonjwa aliokwenda nao. Hilo la mwisho ndilo linaloua kesi. Wakili wa hospitali atasema mgongo wenyewe ulikuwa unabana mishipa, mguu ungelegea hata bila sindano. Utamjibu na nini? Utahitaji daktari mwingine aseme. Na hapo ndipo mji unapokuwa mdogo. Daktari wa Mombasa alisoma na daktari wa Mombasa, wanakutana harusini, wanapelekeana wagonjwa. Atasimama kizimbani kusema mwenzake alikosea? Wapo wanaosimama, na nawaheshimu. Lakini tulikuwa tukiwatafuta kwa tochi, na mara nyingi tuliishia Nairobi, nauli na malazi juu ya mteja.

Kuna wakati jambo hujieleza lenyewe, na hapo kazi ya wakili ni nyepesi. Sitasahau asubuhi ile mmoja wa wateja wetu, mama wa watoto wawili, alipoinua eksirei yake kwenye dirisha la ofisi. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya kibinafsi, na miezi minne tumbo likamuuma, likatoa usaha, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Kwenye ile filamu, chini ya mbavu, kulikuwa na uzi mweupe uliojikunja kama mnyoo. Vile vitambaa vya kufyonzea damu chumba cha upasuaji hutiwa uzi maalumu ndani yake ili vikisahauliwa vionekane kwenye eksirei. Huhesabiwa kabla ya kukata na kabla ya kushona. Kimoja hakikuhesabiwa. Wakili wangu aliitazama ile filamu akaketi, akamwambia, "Mama, huyu shahidi wako haulizwi maswali."

Ila mama yule alikuwa na kitu kingine kilichomsaidia zaidi kuliko eksirei, nami ndicho ninachowahubiria watu barazani. Alikuwa na daftari la shule la mtoto wake, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo aliandika kila kitu tangu siku ya tatu baada ya upasuaji. Tarehe, saa, nani alikuja kumwona, alisema nini, dawa gani. Nauli ya tuktuk kwenda kliniki. Malipo ya msichana wa kumshikia mtoto kwa kuwa hakuweza kuinama. Stakabadhi zote zimebanwa kwa pini ukurasa kwa ukurasa. Hospitali na kampuni yake ya bima hawakufika hata siku ya kusikizwa; walikuja kukaa meza moja na kumaliza nje ya korti. Kiasi sikitaji kwa sababu waliandikiana siri, lakini alinunua kiwanja.

Korti hugawa fidia mafungu mawili makubwa, na watu huyachanganya. Lipo la maumivu na hasara ya mwili wenyewe: kulemaa, kukosa usingizi, kutoweza kumbeba mwanao. Jaji hulikadiria kwa kutazama kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana. Hapa usitarajie mamilioni ya sinema za Marekani. Fungu la pili ni la pesa ulizotoa mfukoni, na hili halikadiriwi hata kidogo. Kila shilingi lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa karatasi. Nimeona mzee akilia kortini kwa kuwa alitumia zaidi ya laki mbili kumtibu mkewe na alikuwa na stakabadhi za elfu 31. Zilizobaki zilikuwa za maduka ya dawa, zimefifia wino kwenye joto letu hadi zikawa karatasi nyeupe. Piga picha stakabadhi siku ileile unayopewa.

Narudi kwa mdogo wangu. Siku ile alipokuja na ndara yake, nilichukua kalamu nikaandika barua ya kuomba nakala ya faili lake la hospitali. Watu huniuliza kama hospitali inaweza kukataa. Karatasi ni zao, habari zilizomo ni zako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inakupa haki ya habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Ikikukalia kimya unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kwa hospitali za kibinafsi, tangu 2019 kuna Sheria ya Ulinzi wa Data, nayo inakupa haki ya kuona kumbukumbu zako. Andika barua, ipeleke mwenyewe, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kwa mtu wa masjala hayana muhuri.

Faili lilikuja siku ya 20. Kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu, mstari mmoja: diclofenac 75 mg, saa nne na dakika kumi, na sahihi kama utando wa buibui. Hakuna neno kuhusu ukelele wala umeme. Sahihi ya nani? Hakuna aliyejua. Kwa kesi ya fidia hilo halikutuumiza sana, maana mwajiri hubeba kosa la mwajiriwa wake na hospitali ya kaunti huibebesha serikali ya kaunti. Lakini kama mtu anataka kulalamika kwa baraza la nidhamu, jina lina uzito. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi, daktari ana Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na mabaraza haya huweza kuonya, kusimamisha au kuondoa leseni. Kazi yao ni nidhamu. Anayetaka kulipwa aende kortini, na anayetaka mtu asimdhuru mwingine aende barazani. Unaweza kwenda kote kuwili, na uamuzi wa baraza dhidi ya daktari ni ushahidi mzuri kubeba kortini. Polisi ni njia nyingine tena. Watu wengi hukimbilia kuchukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikiwa majeraha, wakadhani wameanza kesi ya fidia. Hawajaanza.

Tulikuwa na faili. Tukawa tunataka ripoti ya daktari aliyempima mdogo wangu Julai 2016 kwa kipimo cha umeme wa mishipa, akamwambia kwa mara ya kwanza kwamba mshipa umeumia juu, kalioni. Daktari huyo alikuwa wa hospitali ya serikali, na madaktari wa serikali walikuwa kwenye mgomo tangu tarehe 5 Desemba 2016. Mgomo ule ulichukua siku 100. Nani amesahau?

Katikati ya Februari wakili wangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliniita. "Karani, fungua kesi ya ndugu yako. Ripoti itafuata." Ni kweli, hufuata. Kesi hufunguliwa kwa ulicho nacho, na karatasi nyingine huongezwa baadaye kwa ruhusa ya korti. Mimi nikasema tusubiri mgomo uishe, tusiende na mikono mitupu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Nilijua, kama kila karani anavyojua, kwamba anayeishtaki hospitali ya kibinafsi kwa uzembe ana miaka mitatu, na anayeishtaki Serikali ana miezi 12 tu, kwa sheria inayohusu muda wa kushtaki mamlaka za umma, Sura ya 39. Nilihesabu miezi 12 kutoka Julai, mwezi alioambiwa na daktari. Nafasi niliyo nayo ni hadi Julai 2017, nikajiambia. Kwa kuwa ni ndugu yangu, wakili akaniachia.

Mgomo uliisha tarehe 14 Machi 2017. Siku tano kabla yake, tarehe 9, mwaka ulikuwa umetimia tangu sindano.

Tulifungua kesi Aprili, na ripoti safi kabisa ndani yake. Wakili wa kaunti hakujisumbua hata kujibu habari za sindano. Alileta pingamizi la awali la ukurasa mmoja na nusu: kesi imekuja nje ya wakati. Wakili wangu alisimama akatutetea vizuri, akasema mgonjwa hakujua ameumia nini hadi Julai. Hakimu akasoma maelezo ya mdogo wangu mwenyewe, yale niliyoyaandika mimi kwa mkono wangu, yanayosema siku ileile alihisi umeme na kesho yake wayo ukaning'inia. Aliumia siku gani basi? Uamuzi ulisomwa kwa dakika sita hivi. Kesi ikafutwa. Kwa huruma yake akaamuru kila upande ubebe gharama zake, maana kawaida anayeshindwa hulipa za mwenzake.

Kwa upande wa kesi dhidi ya mtu binafsi au hospitali ya kibinafsi, sheria ina mlango mwembamba wa kuongezewa muda kwa aliyekuwa hajui jambo muhimu, kama yule mama wa uzi tumboni angechelewa. Dhidi ya Serikali mlango huo sikuwahi kuuona ukifunguka. Ukiniuliza mimi, ni dhuluma kwamba maskini anayetibiwa hospitali ya umma ana theluthi moja ya muda wa tajiri anayetibiwa hospitali ya kulipia. Wabunge wetu wanaweza kuirekebisha wakitaka.

Usiku wa uamuzi ule nilikwenda kwa mdogo wangu, Likoni. Shemeji yangu ni mshonaji, utepe wake wa kupimia ulikuwa umelala juu ya cherehani. Daktari wetu alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba mshipa wa fahamu uliojeruhiwa hukua upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Nikauchukua utepe, nikamwomba mdogo wangu asimame, nikampima kutoka pale sindano ilipoingia hadi chini ya goti kwa mbele, ilipo misuli inayoinua wayo. Sentimita 55. Milimita 550. Siku 550, na hapo ni kama mambo yameenda vizuri na mshipa haukuanza kwa kupumzika. Sheria ilikuwa imempa siku 365. Ndiyo kusema hata kama mwili wake ungefanya kila linalowezekana, korti ingefunga mlango kabla hajajua kama atapona. Kila aliyemwambia "subiri kwanza tuone" hakudanganya kuhusu mguu. Aliyedanganyika kuhusu kalenda ni mimi.

Alinitazama nikiukunja ule utepe akasema, "Kwa hivyo nikishtaki kuna mtu mwingine wa kumshtaki, ni nyinyi." Akacheka. Alikuwa sahihi, maana wakili na ofisi yake nao hushtakiwa kwa uzembe.

Ulikuwepo mlango mwingine, na wasomaji waujue. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya za kiwango cha juu kinachofikika, na cha 28 kinalinda heshima ya utu. Haki hizi zikivunjwa, Vifungu vya 22 na 23 vinamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kwa ombi la kikatiba, na jaji anaweza kuamuru fidia. Maombi haya hayana miezi 12, ingawa ukichelewa utaulizwa kwa nini. Mfano upo. Agosti 2013 mwanamke mmoja alijifungua sakafuni kwenye ujia wa hospitali ya kaunti ya Bungoma, na wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi. Mtu alirekodi kwa simu, nchi nzima ikaona. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Tangu siku ya sakafu hadi siku ya hukumu, zaidi ya miaka minne na nusu. Lakini majaji hawapendi kila kesi ya sindano ivalishwe kanzu ya Katiba. Penye udhalilishaji, kunyimwa huduma, au hospitali kukosa vitu ambavyo ilitakiwa kuwa navyo, njia hiyo ina nguvu. Nilimweleza mdogo wangu yote haya. Akaniambia, "Kaka, nimechoka na karatasi." Sikumlazimisha.

Anayeshinda naye asidhani amefika. Ukimshinda mtu binafsi asikulipe, unampelekea dalali wa korti. Ukiishinda Serikali, dalali hana ruhusa ya kukamata ambulensi wala kiti. Unachukua cheti cha deni kutoka kortini, unakipeleka kwa ofisa wa fedha, unangoja, na ukichoka kungoja unarudi Mahakama Kuu kuomba ofisa huyo aamriwe kulipa. Nina wateja waliozikwa na vyeti vyao.

Malipo ya wakili ni jambo la kuzungumzwa siku ya kwanza, bila haya. Utasikia mtu akisema wakili wake atalipwa wakishinda tu. Sheria yetu ya Mawakili haiyatambui mapatano ya namna hiyo, ingawa mitaani hufanyika, hasa kwenye kesi za ajali za barabarani. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuiomba korti imruhusu kushtaki kama fukara, asitozwe ada ya kufungua kesi. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na kuna Kituo cha Sheria, kinachosaidia wanyonge tangu 1973 na kina ofisi hapa Mombasa. Nenda na faili mkononi, tarehe umeiandika juu ya bahasha kwa wino mzito. Kama mgonjwa amefariki, wahi zaidi, kwa sababu familia haiwezi kushtaki kwa niaba yake kabla korti haijampa mmoja wenu idhini ya kusimamia mambo ya marehemu, na hapo ndugu hugombana miezi.

Nasikia watu wakisema kushtaki daktari ni kukosa shukrani, au kwamba yote ni kadari ya Mungu. Mama yetu alisema hivyo pia. Sikubishana naye, Mungu amrehemu. Nilimwambia tu kwamba mdogo wangu naye siku moja aligonga punda wa mtu huko Mariakani, na mwenye punda alilipwa wiki ileile, na hakuna aliyemwambia mwenye punda kwamba ni kadari.

Trela aliliacha. Klachi inataka mguu wa kushoto. Sasa anaendesha Probox ya gia otomatiki, abiria wa Likoni hadi Ukunda, na mapato ni chini ya nusu ya yale ya barabara kuu. Novemba 2017, shemeji alinipigia simu usiku: alikuwa amemwona akivaa ndara, na kidole gumba cha kushoto kimeinuka chenyewe. Nilihesabu. Zilikuwa siku zaidi ya 600 tangu sindano.